Goti na Mguu wa Pili: Matokeo ya Kukatwa Mguu Kutokana na Maradhi ya Mishipa ya Damu katika Mkoa wa Songwe

Utangulizi

Katika Kiswahili neno mguu hubeba kiungo chote, kuanzia nyonga hadi vidoleni. Aliyeondolewa kidole gumba, aliyekatwa nusu ya unyayo, aliyekatwa katikati ya muundi na aliyekatwa pajani, wote husemwa kuwa wamekatwa mguu. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halina madhara, kwa kuwa msikilizaji hupata maana kutokana na muktadha. Wodini hali ni nyingine. Tabibu anapomwambia mgonjwa kwamba mguu utakatwa, mgonjwa na ndugu zake huelewa hasara iliyo kubwa kuliko zote, hata kama kinachokusudiwa ni vidole viwili. Huomba muda wa kushauriana, hurudi nyumbani, na wanaporudi hospitalini baada ya wiki kadhaa uozo umekwisha kupanda. Hapo ndipo kauli ya kwanza, iliyokuwa na maana finyu, inapotimia kwa maana yake pana.

Makala haya yanaeleza namna maradhi ya mishipa ya damu yanavyosababisha mguu kukatwa, na yale yanayomfika mgonjwa baada ya hapo, kwa kuzingatia mazingira ya mji wa Tunduma na Mkoa wa Songwe. Hoja yake ni kwamba hatima ya mgonjwa huyu hutegemea zaidi mambo mawili ambayo takwimu za vifo na za siku za kulazwa haziyaonyeshi: kubaki kwa goti lenye uwezo wa kunyooka, na kunusurika kwa mguu wa pili.

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao yake makuu yapo Vwawa, wilayani Mbozi, na wilaya zake nyingine ni Ileje, Momba na Songwe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,344,687. Tunduma ndio mji wake wa mpakani, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA huvuka kuingia Nakonde, nchini Zambia. Malori husubiri hapo katika foleni, na pembezoni mwa foleni hizo huishi uchumi mzima wa wachuuzi, wapagazi, mawakala wa forodha, waendesha bodaboda na mama lishe. Nje ya mji, maisha ni ya kilimo: kahawa na mahindi katika nyanda za Mbozi, miteremko mikali ya Ileje, na mabonde yenye joto ya Momba. Sehemu zote hizo zinafanana katika jambo moja, nalo ni kwamba riziki hupatikana kwa kutembea au kusimama.

Damu isipofika unyayoni

Ateri za miguu huziba polepole. Mafuta na chokaa hujijenga katika kuta zake, njia ya damu ikawa nyembamba, na misuli ya mguu ikapungukiwa na hewa ya oksijeni kila inapotakiwa kufanya kazi. Uvutaji wa tumbaku, kisukari, shinikizo la juu la damu na umri ndivyo visababishi vikuu. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2012 ulikadiria kwamba asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na takriban robo yao walikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa hiyo chanzo cha maradhi haya kimekwisha kuenea katika jamii, ingawa jina lake halijaenea.

Dalili ya kwanza ni maumivu ya kigimbi yanayomkamata mtu akitembea na kumwachia akipumzika. Katika nyanda za baridi kama Mbozi maumivu ya namna hiyo huitwa kwa urahisi baridi yabisi, hupakwa dawa ya kuchua na kuvumiliwa. Dalili ya pili ni maumivu ya usiku: mgonjwa akilala unyayo huuma, akiuning'iniza nje ya kitanda hupata nafuu, kwa kuwa damu huteremka kwa uzito wake yenyewe. Mtu anayelala ameketi kwa sababu hiyo hana baridi yabisi. Yupo karibu kupoteza mguu. Hatua ya mwisho ni kidonda kisichofunga au kidole kinachogeuka cheusi, ndicho ambacho wenyeji hukiita donda ndugu. Jina hilo lina ukweli ndani yake. Kidonda cha namna hii hakiondoki, hukaa na mwenyewe kama jamaa wa nyumbani, na mara nyingi huzoeleka kabla ya kuogopwa.

Kwa mwenye kisukari mambo ni magumu zaidi, kwa sababu neva za unyayo nazo hufa ganzi na maumivu yaliyopaswa kumwonya hayaji. Msumari hupenya kandambili asijue. Katika usiku wa baridi wa Juni na Julai husogeza miguu karibu na jiko la mkaa, na asubuhi huamka na malengelenge ambayo hakuyasikia yakitokea. Zulfiqarali Abbas na wenzake, waliofanya kazi na wagonjwa wa kisukari jijini Dar es Salaam, waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku bila kuamka. Kwa msomaji wa mbali habari hiyo yaweza kuonekana kioja. Katika nyumba inayohifadhi magunia ya mahindi chumbani, ni hatari ya kila siku.

Ipo pia njia ya ghafla. Bonge la damu hutoka moyoni, hasa kwa mtu ambaye vali za moyo wake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, likaenda kuziba ateri ya paja au ya nyuma ya goti. Mguu hugeuka kuwa wa baridi, mweupe, wenye maumivu makali, kisha hufa ganzi. Misuli iliyokosa damu kabisa huanza kuharibika kwa namna isiyorekebishika baada ya takriban saa 6. Safari ya barabara kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kama kilomita 100, na hadi Dar es Salaam, ambako upasuaji wa mishipa umeendelezwa zaidi, ni zaidi ya kilomita 900. Hesabu ya saa na ya kilomita hazikutani. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi hufika mahali penye uwezo wa kuufungua mshipa wakati kilichobaki cha kufanya ni kukata.

Uchunguzi wa awali hauhitaji mashine. Mapigo ya ateri hupapaswa kwa vidole mahali pawili, juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani, na zoezi hilo huchukua chini ya dakika moja kwa mguu mmoja. Penye kifaa cha kusikilizia mapigo, shinikizo la damu la kifundo hulinganishwa na lile la mkono. Uwiano ulio chini ya 0.90 huashiria kuziba kwa ateri. Tahadhari inahitajika kwa wenye kisukari cha muda mrefu, kwa kuwa ateri zao huweza kuwa ngumu kiasi cha kutobanika, na kipimo kikatoa namba nzuri kwa mguu mbaya.

Takwimu za Bugando

Miongoni mwa tafiti za Tanzania zilizoeleza suala hili kwa kina ni ule wa Chalya na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, kuhusu wagonjwa 162 waliokatwa viungo vikubwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Matatizo ya miguu yatokanayo na kisukari yalikuwa chanzo kwa asilimia 41.9, majeraha kwa asilimia 38.4, na maradhi ya mishipa ya damu kwa asilimia 8.6. Asilimia 29.6 walilazimika kukatwa tena, asilimia 16.7 walifariki, na wastani wa kukaa hospitalini ulikuwa siku 22.4.

Mgawanyo huo wa visababishi unapaswa kusomwa kwa uangalifu. Kisukari na maradhi ya mishipa vimewekwa katika mafungu mawili, kama ilivyo desturi ya tafiti nyingi, ilhali katika mwili wa mgonjwa mara nyingi vinakaa pamoja. Unyayo wa mwenye kisukari huoza kwa sababu ya ganzi, maambukizi na upungufu wa damu kwa viwango vinavyotofautiana, na daktari anayejaza fomu hulazimika kuchagua neno moja. Kwa hiyo asilimia 8.6 huonyesha wale tu ambao ateri zao ziliharibika bila kisukari kujulikana. Anayeitumia namba hiyo kukadiria mzigo wa maradhi ya mishipa katika mkoa kama Songwe atapata jibu dogo kuliko hali halisi.

Namba ya kukatwa tena ina uzito zaidi kuliko inavyopewa. Karibu wagonjwa 3 katika kila 10 walirudishwa chumba cha upasuaji, jambo linaloonyesha ugumu wa uamuzi ambao daktari anaukabili: akate wapi?

Goti

Ateri ikiwa imeziba, jeraha la upasuaji nalo linahitaji damu ili lipone. Ukikata chini sana, kigutu hakifungi na mgonjwa hurudi mezani. Ukikata pajani, ambako damu ni nyingi, jeraha hupona kwa uhakika mkubwa zaidi, lakini goti limekwenda. Daktari aliye peke yake, asiye na namna ya kupima mtiririko wa damu wala ya kuufungua mshipa, ana sababu ya kuchagua paja. Uamuzi huo unaeleweka. Gharama yake hulipwa na mgonjwa kwa miaka yote inayofuata.

Waters na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba kadiri mguu unavyokatwa juu zaidi, ndivyo mwendo unavyokuwa wa polepole na nguvu inayotumika kwa kila hatua inavyoongezeka. Kijana aliyekatwa kwa ajali huweza kuimudu gharama hiyo. Mgonjwa wa mishipa kwa kawaida ni mtu mzima, na moyo wake umelishwa na ateri zenye ugonjwa uleule. Akikatwa chini ya goti ana nafasi nzuri ya kutembea na mguu wa bandia. Akikatwa juu ya goti, wengi huuvaa mguu huo mara chache, kisha huuacha kwenye kona ya chumba.

Katika Songwe goti lina kazi nyingine zisizotajwa katika vipimo vilivyotungwa kwa nyumba zenye viti na vyoo vya kukalia. Mwenye goti huweza, kwa kushika nguzo, kutumia choo cha shimo. Huweza kupiga magoti shambani wakati wa kupalilia, kupanda bodaboda, na kuinuka kutoka mkekani. Asiye nalo hutegemea mkono wa mtu mwingine kwa haja iliyo ya siri kuliko zote, na hapo utegemezi hugeuka fedheha. Fomu ya tathmini inayouliza kama mgonjwa hupanda ngazi, bila kuuliza kama anakwenda msalani peke yake, imeliacha swali lililo la kwanza kwake.

Hata hivyo, goti lililookolewa hospitalini huweza kupotea nyumbani, na sababu yake ni huruma. Mgonjwa huwekewa mto chini ya kigutu ili apumzike. Hukaa kutwa nzima kwenye kigoda au ukingoni mwa kitanda, goti likiwa limekunjwa. Baada ya wiki chache misuli ya nyuma ya paja hufupika, goti hukataa kunyooka, na hakuna mguu wa bandia unaoweza kuvaliwa vizuri na goti lililopinda. Kinga yake ni rahisi: kigutu kisiwekewe mto, goti linyooshwe mara nyingi kwa siku, na mgonjwa alale kifudifudi kwa vipindi ili nyonga nayo isikakamae. Mafundisho hayo huhitaji nusu saa ya mtaalamu wa fiziotherapia na ndugu mmoja atakayekuwapo nyumbani. Yasipotolewa kabla ya ruhusa, yanakuwa yamechelewa, kwa sababu wiki zinazoamua ni zile za mwanzo.

Wiki hizohizo ndizo za kukiandaa kigutu. Hufungwa bandeji ya kunyumbulika, kwa kubana zaidi nchani na kulegeza kuelekea juu, ili uvimbe ushuke na kipate umbo. Maumivu ya mguu usiokuwepo hujitokeza kipindi hiki: mgonjwa huhisi vidole vilivyokwisha kuondolewa vikiwaka moto, na wengine hunyamaza wakihofu kuonekana wamerukwa na akili au wamerogwa. Maelezo mafupi kabla ya upasuaji, kwamba neva zilizobaki huendelea kutuma habari za mguu uliokuwapo, huwapunguzia hofu hiyo.

Mguu wa bandia wenyewe ni safari. Tanzania ina bahati ya kuwa na chuo cha wataalamu wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981 katika Hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho kimefundisha wanafunzi wa mataifa mengi ya Afrika. Huduma hutolewa pia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na katika hospitali ya CCBRT. Kwa mkazi wa Momba, mafundi hao wapo upande wa pili wa nchi. Safari moja haitoshi, kwa kuwa kigutu husinyaa katika mwaka wa kwanza na kikombe kilichochongwa kwa umbo la mwanzo hulegea, huchubua ngozi, na ngozi hiyo ndiyo yenye damu kidogo. Kidonda cha kigutu huweza kumrudisha mgonjwa alikotoka, safari hii pajani.

Aina ya mguu nayo ina maana. Mguu wa Jaipur, uliobuniwa nchini India mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma pamoja na daktari P. K. Sethi, ulitengenezwa kwa watu wanaotembea pekupeku, wanaochuchumaa na wanaofanya kazi kwenye tope. Masharti hayo yanafanana na ya mkulima wa Ileje katika masika ya Novemba hadi Aprili kuliko yale ya mtumiaji wa lami na viatu vya ngozi. Mguu unaodai kiatu kikavu humfaa mwenye wake kwa nusu mwaka tu.

Kazi baada ya mguu

Mpagazi wa Tunduma aliyekatwa mguu hawezi kurudi kwenye upagazi. Huweza kukaa dukani, kushona, kuwa wakala wa fedha za simu au kuuza bidhaa ndogondogo kando ya foleni, iwapo ana mtaji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya kazi na ya marekebisho ya mazingira. Aidha, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Tatizo la mgonjwa wa mishipa ni kwamba huingia katika kundi hilo akiwa mtu mzima, pengine na miaka 60, bila kujiona kuwa ni mtu mwenye ulemavu na bila kujua mlango wa ofisi ya ustawi wa jamii. Hujiona mgonjwa, na mgonjwa husubiri kupona.

Mguu wa pili

Kusubiri huko kuna hatari yake. Upasuaji huondoa sehemu iliyooza na kuuacha ugonjwa ulioiozesha. Ateri za mguu uliobaki zina umri uleule, sukari ileile na moshi uleule, na sasa mguu huo hubeba mwili wote. Mwenye magongo hurukaruka juu ya unyayo mmoja: kisigino hupata sugu, sugu hupasuka, na ufa huo huwa mlango wa maambukizi. Tafiti za kimataifa zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliokatwa mguu juu ya kifundo kwa sababu ya kisukari au maradhi ya mishipa hufariki ndani ya miaka 5, na wengi wao hufa kwa moyo na kiharusi. Kigutu kilichopona vizuri huweza kuwa cha mtu ambaye matibabu yake hayajaanza.

Wengi huacha dawa katika kipindi hiki, kwa mantiki isiyo ya kijinga hata kidogo: kilichokuwa kinauma kimekatwa, kwa nini kuendelea kunywa vidonge? Hakuna aliyewaambia kwamba dawa za shinikizo, za kupunguza mafuta na za kuzuia damu kuganda zilikuwa za mishipa ya mwili mzima. Dereva wa masafa marefu aliyekatwa vidole ana tatizo la ziada, kwa kuwa daftari lake la kliniki huweza kuwa katika mji mmoja, kidonda chake kikiwa kimesafishwa katika mji wa pili, naye amekwama mpakani dawa zikiwa zimekwisha.

Kwamba mwelekeo huu hugeuzika kulithibitishwa hapahapa nchini. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza mwaka 2004, uliwafundisha madaktari na wauguzi kutoka hospitali za mikoani kuitunza miguu ya wenye kisukari: kukagua, kusafisha vidonda, kupunguza mgandamizo, kumfundisha mgonjwa. Tathmini iliyochapishwa na Abbas na wenzake mwaka 2011 ilionyesha kupungua kwa ukataji wa miguu. Vifaa vilivyotumika vilikuwa vya kawaida.

Kwa Songwe, mahali pa kuanzia ni karatasi ya ruhusa. Kwa sasa karatasi ya namna hiyo, popote inapoandikwa, hutaja jina la upasuaji, dawa na tarehe ya kurudi. Inaweza kuongezewa mistari minne bila gharama yoyote: kiungo kimekatwa mahali gani hasa, kwa kutaja kidole, unyayo, muundi au paja, goti linanyooka kwa kiasi gani siku ya kuondoka, mapigo ya mguu wa pili yamesikika au hayakusikika, na mgonjwa anavaa nini katika mguu huo. Mstari wa mwisho huonekana mdogo. Katika soko la mitumba la Tunduma, kiatu cha kufunika kidole, kilicho kipana na kisicho na mshono mgumu ndani, hupatikana kila siku ya soko, na viatu hivyo huuzwa kwa jozi. Mnunuzi mwenye mguu mmoja hulipia viwili, naye hurudi nyumbani na kimoja kisicho na kazi, akikitunza juu ya kabati.